Tundu Namba Saba

Nilikuwa nimeshatoka getini, begi begani na mkate wa safari kwapani, nimeshavuka mtaro na kuishika barabara, mpwa wangu aliponikimbilia kwa kandambili za bafuni.

"Mjomba! Usiondoke!"

"Nimeshaondoka," nikamjibu bila kugeuka. "Hapa unapoongea na mimi niko safarini."

"Safarini gani, mbwa wa jirani hata hajakubwekea!"

Hapo alinipata. Nikageuka. Mpwa wangu ni karani wa ofisi ya maji, na kazi hiyo imemwingia mpaka kwenye ulimi. Haongei ila kwa kuhesabu vidole. "Kwanza, basi lako ni la saa tano na sasa hivi ni saa tatu. Pili, nina kazi ya dakika kumi tu. Tatu, ni kwa ajili ya Mama."

Ukitajiwa marehemu utafanya nini? Nikarudi na begi langu.

Marehemu alikuwa dada yangu mkubwa, fundi wa makoti. Mji mzima ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu koti lake lingeweza kupauka, kuchanika mgongo, hata kuliwa na panya, lakini matundu ya vifungo yangebaki mazima kama yameshonwa jana. Miaka kumi ya mwisho macho yalimtupa mkono, ila kazi hakuacha. Alikagua kwa kidole gumba. Mtu akija kuomba kazi, dada hakumuuliza cheti wala ametoka wapi. "Nishonee tundu moja," humwambia. Kisha hufumba macho, ambayo hata yakiwa wazi yasingemsaidia kitu, hulipapasa lile tundu polepole na kutoa hukumu. "Huyu ana haraka." "Huyu ana njaa, mpeni chai halafu ashone tena." "Huyu ni hodari, lakini atatukimbia." Hakuwahi kukosea, labda kwa yule mmoja aliyemwita mwongo na kumbe alikuwa na mafua tu.

Alipofariki, mume wake, yaani shemeji yangu, hakugusa mkasi wiki mbili nzima. Miaka arobaini na mbili yeye alikata, mke akashona. Wiki ya tatu akatangaza kwamba hataki kaburi la marumaru. Anataka mtu asome. Kila mwaka mtu mmoja apelekwe chuo cha ufundi, asomee ushonaji miaka miwili, alipiwe kila kitu kwa jina la mkewe. Waliowahi kushonewa makoti walichanga, na wengine walikuja kuchanga wakiwa wameyavaa, jua kali vile.

Mkuu wa Chuo alikubali, ila aliguna kidogo aliposikia jina.

"Ufadhili wa Mama Vifungo? Hakuna jina rasmi zaidi?"

"La rasmi analijua aliyeandika cheti cha kifo," shemeji akamjibu. "La vifungo analijua kila mtu."

Likapita. Mkuu naye akaweka sharti lake: jina la mwanafunzi lifike mezani kwake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Lisipofika, mchango wote unaingia kwenye mfuko wa jumla wa chuo, ule wa kununulia chaki na kuzibulia vyoo, na jina la dada yangu halitaandikwa popote.

"Mke wangu hatazibua choo," shemeji akasema. Tangu siku hiyo akawa hamalizi hata kikombe cha chai.

Basi ikaundwa kamati: shemeji, mpwa wangu, na dada yake shemeji ambaye nyumba nzima tunamwita Shangazi, hata sisi tusiohusika. Kanuni ziliandikwa na mpwa wangu, siku moja baada ya Shangazi kudokeza kwamba anamjua kijana mmoja mzuri sana, wa upande wa mumewe. Kwanza, kila mwombaji atashona tundu moja kwenye kitambaa cha kijivu, na kitambaa kitakuwa na namba, si jina. Pili, yatahukumiwa kwa kidole, macho yamefumbwa, kama alivyofanya marehemu. Tatu, mshindi habadilishwi, hata ikija kujulikana ni nani.

"Hiyo ya tatu inanilenga mimi," Shangazi alilalamika.

"Ndiyo," wakamwambia.

Sasa ile kazi ya dakika kumi. Mpwa wangu akanivuta kando ya mlango wa karakana na kuninong'oneza: "Baba na Shangazi wanajifanya wanajua kupapasa. Sina hakika nao. Shona tundu moja baya, nilichanganye humo. Wakilisifia, tutajua kumbe ni maneno tu."

Akanipa kitambaa, sindano na uzi. Nikakaa kwenye kiti cha mlangoni, begi bado liko begani, nikashona. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kushona vibaya kunataka akili. Lazima uufikirie ubaya wenyewe, uupange. Mimi nilikuwa nafikiria basi, kama nitapata kiti cha dirishani, na kama konda atanitoza begi. Nikamaliza, nikamrushia. Akalibandika namba saba bila kulitazama, akalisukuma katikati ya yale mengine kumi na moja na kukimbilia ofisini, maana naye alikuwa amechelewa.

Ningeondoka pale pale. Shemeji akasema, "Kaa ushuhudie, shemeji, ni nusu saa tu." Nikakaa.

Karakana yao ni chumba kimoja kirefu. Cherehani nne ukutani, meza ya kukatia katikati, na karibu na dirisha kuna sanamu ya kujaribishia nguo, haina kichwa wala mikono, inaitwa Meneja. Shemeji na Shangazi walifungana macho kwa vitambaa vya kichwani, wakakaa pande mbili za meza kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya ajabu, wakaanza kupapasa.

"Huyu ana njaa," akasema Shangazi.

"Umesema hivyo kwa matundu manne."

"Wote wana njaa. Hali ni ngumu."

"Wewe ndiye una njaa."

"Basi leteni kitu."

Wakakata mkate wangu wa safari. Wameufuata kwa kunusa tu, macho yamefungwa! Niliponyoosha mkono kuuokoa nikapewa kipande, nikatulia.

Namba mbili, shemeji alitumbukiza kidole gumba na kikapita chote. "Hapa anapita kifungo, na mwenye koti, na mkewe."

"Mpeni walau nafasi ya pili," Shangazi akasema haraka.

"Kwani unamjua?"

"Namhurumia tu."

Namba nne, shemeji alitikisa kichwa kwa heshima. "Huyu anahesabu. Huyu yuko makini kweli." Nyingine zikapita upesi, mpaka ikabaki saba peke yake. Kwenye namba saba kidole chake kikasimama. Kikarudi mwanzo. Kikatembea tena, kikasimama tena. Akamsukumia dada yake.

Shangazi akapapasa, akaacha kutafuna.

"Huyu hana njaa," akasema, sauti imeshuka.

Shemeji akang'oa kile kitambaa usoni, na kitambaa kilikuwa kimelowa. "Huyu ndiye," akasema, na mkono mmoja tayari uko kwenye simu. Nilitaka kusema. Nawaapia nilitaka kusema. Lakini mkate ulikuwa mkavu na mdomo umejaa, na niliponyoosha kidole walidhani naomba maji. Mpaka nimemeza, Mkuu wa Chuo alikuwa ameshapongeza na kuahidi kubandika kwenye mbao za matangazo kwamba mshindi ni namba saba, jina lake linakuja.

Nikawaambia ni mimi. Hawakuniamini. Ikabidi kusubiri mpaka saa kumi, mpwa wangu aliporudi kazini.

"Saba?" Akaketi juu ya rundo la vitambaa. "Kwanza, saba ni Mjomba. Pili, ni Mjomba." Akavitazama vidole vyake. "Tatu sina."

Fujo iliyofuata siwezi kuiandika yote.

"Ana miaka sitini na nane!" Shangazi akapiga kelele.

"Kanuni hazikutaja umri," shemeji akasema.

"Shule yenyewe hakusoma!"

"Nimesoma," nikajitetea. "Darasa la kwanza nililisomea mji mmoja, la tatu nikalisomea mji mwingine. La pili ndilo sijalikuta mpaka leo."

"Mpeni aliyefuata, namba nne," mpwa wangu akasema.

"Kanuni ya tatu umeiandika wewe na nimeisaini mimi," shemeji akamjibu. "Leo nikiivunja kwa shemeji yangu, kesho Shangazi ataleta ukoo mzima."

"Nitaleta," Shangazi akakubali.

Nikasema basi naondoka zangu, mshindi asiyekuwepo atashindaje? Shemeji akanigeukia, na hapo hakuwa na mzaha. "Ukiondoka hakuna jina, Ijumaa inafika, na mke wangu anakwenda kuzibua choo. Umeondoka siku zake zote akiwa hai. Na hii ya leo pia?"

Nikavua begi. Kesho yake, Alhamisi asubuhi, nilikuwa nimesimama kando ya Meneja, mikono juu, Shangazi akinipima sare ya chuo na kusoma vipimo kwa sauti ili jirani asikie kiuno changu kilivyo. Ndipo mlango ukasukumwa.

Aliyeingia ni mwanamke kijana, amejifunga kanga kiunoni, mikono ina alama ndogo ndogo za kuungua mpaka viwikoni. Hakukaa alipokaribishwa.

"Shikamooni. Mimi ni namba nne."

"Marahaba," shemeji akamjibu. "Karibu, mwanangu."

"Napiga pasi kwa dobi wa barabara ya chini, wananiita Pasi. Chuoni nimekubaliwa mara tatu, mara zote tatu nimekosa wa kunilipia. Sina mara ya nne, wamesema nikikosa ada tena hawatanipokea. Nimesoma mbao za matangazo, zinasema saba. Miaka sita nimepiga pasi makoti ya Mama Vifungo, matundu yake nayajua kuliko viganja vyangu. Hakuna mtu mji huu wa kunishinda kwenye tundu. Nataka kuliona hilo la saba."

Shemeji akampa. Alilitazama, akalipapasa, akafumba macho akalipapasa tena. Alipoyafumbua alikuwa amekasirika hasa.

"Hili ni la marehemu. Mmekata koti lake la zamani. Hamna aibu?"

"Binti, chunga mdomo!" Shangazi akaruka. "Aliyeshona ni huyu hapa!"

Pasi akanitazama. Nilikuwa bado mikono juu, tepu ya kupimia imenizunguka kifua.

"Huyu babu?"

"Mimi," nikasema. "Samahani."

"Ashone mbele yangu."

Shemeji akaitafuta ile karatasi ya kanuni, akaisoma juu chini. "Hapa pameandikwa mshindi habadilishwi," akasema polepole. "Hapajaandikwa mshindi hapingwi." Sijawahi kumwona mtu akifurahia karatasi vile. Saa ya mezani ikawekwa: nusu saa, sindano mbili, vipande viwili vya kitambaa kile kile, na vitakavyofika kwa waamuzi havitakuwa hata na namba.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Safari hii nitashona vibaya kwa akili yangu yote. Pasi apate chuo, shemeji apate jina, Shangazi aache kutangaza kiuno changu. Nikaanza kurukaruka mizingo, ile mizunguko ya uzi ya ukingoni: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umelala. Pasi alikuwa mbele yangu, ameinamia kazi yake. Hata hakuinua kichwa.

"Babu, unanihurumia."

"Hapana, mjukuu wangu. Ni macho."

"Macho ndiyo yameruka hapo nafasi ya kupita gari? Jana yalikuwa wapi?"

"Jana nilikuwa nawahi basi."

Akaweka sindano chini. "Sikiliza. Nguo nilizovaa nimepewa. Chumba ninacholala nimepewa. Ukinipa na chuo, kila siku nitakayokaa darasani nitakuwa najiuliza kama kweli mimi ni fundi au nilionewa huruma na babu mmoja msafiri. Shona. La sivyo naenda zangu, pasi inapoa."

Shangazi, ambaye hakuitwa, akasema, "Mwambie!"

Nikafumua yote. Nikakata uzi mwingine, nikaupitisha kwenye nta ya mshumaa, nikashona kama nilivyofundishwa. Pasi naye akashika sindano, lakini baada ya muda akaacha kushona. Alikuwa ananitazama ukucha.

"Hapo umefanya nini?"

"Wapi?"

"Na ukucha."

Sikujua kama nilifanya kitu. Ikabidi nirudie polepole, nijitazame mwenyewe kama mgeni. Kila mzingo una fundo lake dogo ukingoni. Wengi hulivuta pembeni. Sisi tunalivuta juu, na kabla halijakaza unalibonyeza kwa ukucha likae. Dada alinifundisha nikiwa na miaka minane. Nilikuwa natoroka shule kupitia uzio wa miiba, na kila siku narudi nyumbani shati halina kifungo hata kimoja. Akachoka. Akasema, ukitaka kutoroka, toroka, lakini utajishonea mwenyewe.

"Ukucha," Pasi akasema, kama mtu aliyeona funguo zake mezani. "Miaka sita napiga pasi juu yake, nalihisi hilo fundo limelala, sijui limelazwaje." Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Akachukua wembe, akakata kazi yake yote nzuri, akaanza upya.

"Binti, huna muda!" shemeji akapiga kelele.

"Niachie, mzee wangu."

Saa ilipolia alikuwa anakata uzi kwa meno. Waamuzi wakafungwa macho tena, mpwa wangu, aliyeomba ruhusa kazini siku hiyo, akavichanganya vile vipande nyuma ya mgongo wake, akaviweka mezani, kimoja kushoto, kimoja kulia.

Shemeji akaweka gumba moja huku na gumba jingine kule. Akapapasa. Akabadilisha mikono, akapapasa tena.

"Sijui," akasema mwishowe. "Yote mawili ni yake."

Akabaki hivyo, kila kidole kwenye tundu lake, na hakuna aliyemharakisha, hata Shangazi. Kisha Shangazi akavivuta vile vipande kwa upole upande wake.

"Shangazi, usichungulie."

"Sichungulii. Kitambaa kimelegea chenyewe."

Kikakazwa. Akapapasa kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani anaweza kukaa bila kusema. "La kulia," akatamka, "limepungua mzingo mmoja. Mwishoni kabisa, kwenye kona."

Mpwa wangu akahesabu kwa ncha ya sindano. La kushoto mizingo ishirini na nne. La kulia ishirini na tatu. Akarudia kuhesabu, maana haikumwingia akilini kwamba Shangazi amepatia.

"La kulia ni la nani?"

"Langu," nikasema.

Pasi akanirukia. "Umeacha makusudi!"

"Sikuacha. Uzi umeniishia." Nikamwonyesha sindano, imebaki na kiuzi kifupi kuliko kope. "Nilikata mfupi. Mimi kila kitu nakikata kifupi. Nikaona haya kuomba mwingine."

Akaichukua sindano, akaipeleka dirishani, akaikagua kama daktari. Akairudisha.

"Basi nimekushinda."

"Umenishinda, mjukuu wangu."

Hakucheka wala hakulia. Aliuliza kama kuna maji ya kunywa, akanywa vikombe vitatu akiwa amesimama, akasema dobi atamkata siku, akaondoka. Shemeji ilibidi amkimbilie mpaka kwenye mtaro kumuuliza jina lake kamili.

Mpwa wangu alilipeleka chuoni Ijumaa saa tano na nusu, limepigwa chapa, lina nakala mbili.

Pasi alimaliza miaka miwili na sasa anafundisha hapo hapo chuoni, siku tatu kwa wiki. Siku nyingine anashona makoti kwenye chumba alichopanga nyuma ya kwa dobi. Yule kijana wa Shangazi anauza matairi. Shangazi mwenyewe amekuwa mwamuzi wa kudumu wa ufadhili na huletewa chakula kabla ya kuanza. Mpwa wangu alihamishiwa makao makuu ya ofisi ya maji, akaolewa na mpima mita. Shemeji bado anakata vitambaa, ana miaka sabini na tisa, na mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Mkuu wa Chuo alistaafu. Mimi niliondoka Jumamosi ile kwa basi la saa tano, nikafanya kazi ya kupaka rangi mageti miji miwili, na sasa nakaa na rafiki yangu mwenye karakana ya baiskeli. Ufadhili umetolewa mara sita. Mwaka wa nne haukutolewa, hakuna aliyefaa.